Takwimu za mbao: mbona hazilingani?

SWALI: Nauza mbao za paina, Mafinga. Kwa nini takwimu za Tanzania za mbao tunazopeleka Kenya hazifanani na za Kenya wanazopokea?

JIBU: Usidhani mara moja kwamba kuna aliyedanganya. Muuzaji huandika thamani ya mzigo kabla ya safari. Mpokeaji huongeza nauli na bima. Kwa hiyo achana na fedha, linganisha ujazo. Hapo ndipo wengi hukosea, maana wengine huandika kilo badala ya mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ya paina kavu ina karibu kilo 500, ila mbichi huwa nzito zaidi. Usipojua mbao zilikaushwa au la, hesabu yako yote itayumba.

Hakikisha pia namba ya forodha ni moja pande zote mbili: 4407 ni mbao zilizopasuliwa, zenye unene unaozidi milimita 6; magogo ni 4403.

Pengo likibaki, mimi ningetazama njia za panya, hasa miaka ya 2018 hadi 2023, Kenya ilipozuia ukataji katika misitu ya serikali na kuhitaji zaidi mbao za nje.