Moshi wa Jioni Mgogoni: Kwa Nini Hushuka Bondeni

Jioni ya kwanza tulipofika Mgogoni, kaskazini mwa Pemba, mwenyeji wetu alikuwa akichoma makumbi na majani makavu juu kidogo ya nyumba. Tulitazamia moshi upande. Haukupanda. Ulijilaza, ukateremka taratibu kati ya migomba hadi kwenye bonde la mpunga, na katika nyumba za huko chini watoto wakaanza kukohoa. Mama mmoja alipaza sauti: "Mzee, moto huo si ungeuwasha asubuhi!" Sisi tuliosoma Yohane sura ya 3, juu ya upepo usiojulikana utokako, tulitazamana. Huu ulijulikana utokako, na mama yule aliujua kabla yetu.

Tuanze na mchana. Jua huipasha moto zaidi ardhi kuliko hewa, kisha ardhi huipasha hewa inayoigusa. Sasa tuwaze sehemu mbili za hewa zilizo katika kimo kimoja, tuseme mita 40 juu ya bahari: moja imegusana na mteremko, nyingine inaelea juu ya bonde. Ile ya kwanza ina joto zaidi, kwa hiyo ni nyepesi zaidi, nayo hupanda ikifuata mteremko. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, hasa pasipo mawingu. Hewa iliyo karibu nayo hupoa, huwa nzito, na hutiririka bondeni kama maji, ila polepole mno.

Wengi hudhani jambo hili ni la milima mikubwa tu. Kweli, Kilimanjaro huonekana wazi: mara nyingi alfajiri kilele ni cheupe kabisa, na kufika adhuhuri mawingu yamekwisha kupanda. Vilima vya Pemba havifiki hata mita 150. Lakini kinachotakiwa ni tofauti ya joto, si genge. Kwenye mteremko mpole upepo huu ni dhaifu, shavu halisikii kitu, na moshi ndio unaoufichua. Kusi likivuma kwa nguvu, hufutika.

Mteremko mpole ukiwa mpana sana, habari ni nyingine. Nyanda za katikati ya Marekani huinuka kidogo kidogo kuelekea Milima ya Rocky kwa mamia ya kilomita, na usiku huvuma juu yake upepo mkali. Mwaka 1967 mwanasayansi James Holton alieleza jinsi kupashwa joto na kupoa kwa mteremko ule kila siku kunavyochangia upepo huo, pamoja na mzunguko wa dunia unaoupinda. Katika latitudo ya nyuzi 30 mpindo huo hukamilisha duara kwa saa 24, sawasawa na mwendo wa jua. Pemba iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na huko duara lingehitaji zaidi ya siku tano. Usiku mmoja hautoshi kuupinda, basi moshi wa mzee wetu ulishuka moja kwa moja.

Je, kuchoma mchana ndilo jibu? Si rahisi hivyo. Mchana moto wenyewe hupenda kupanda mteremko, na nyasi kavu zikiwa juu yake, hukimbia. Tanuri la mkaa ni gumu zaidi, maana huwaka usiku na mchana: likiwa juu ya nyumba, moshi huzifikia usiku, likiwa chini yake, huzifikia mchana. Yafaa likae kando, mbali na mstari wa mteremko unaopita kwenye nyumba.

Mwenyeji wetu alisikiliza yote haya kwa adabu. Kesho yake makumbi yaliyobaki aliyafukia chini ya migomba, na jioni tulikaa barazani pamoja na mama yule, moshi hakuna.