Kichipukizi cha Jino: Mbegu Isiyopandwa Mara ya Pili

Mvuvi wa Msimbati anapomfungua papa kinywa huona safu za meno zilizopangana moja nyuma ya nyingine. Jino la mbele likidondoka, la nyuma husogea na kushika nafasi yake. Mamba wa Mto Ruvuma naye hubadilisha kila jino makumi ya mara maishani mwake. Binadamu amejaliwa awamu mbili tu: meno 20 ya utotoni na meno 32 ya ukubwani. Makala haya yanaeleza sababu ya tofauti hiyo, sayansi ya seli shina ilikofikia, na wajibu wetu kwa mtoto anayeletwa kliniki leo.

Jino huanzaje?

Safari ya jino huanza takribani wiki ya sita ya ujauzito. Utando unaofunika taya changa za kiinitete hunenepa na kufanya utepe, na kutoka katika utepe huo huchomoza vichipukizi vinavyozama ndani ya tishu laini ya taya. Tabaka hizi mbili hupelekeana ishara za kikemikali: moja huagiza, nyingine huitika. Kichipukizi hupata umbo la kofia, kisha umbo la kengele. Ndipo kazi inapogawanywa. Seli za utando hujenga enameli, yaani gamba gumu la nje. Seli za tishu ya chini hujenga dentini, pamoja na kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu.

Seli zinazojenga enameli hufa jino linapochomoza. Kwa hiyo tundu lililokwisha kutoboka katika enameli halizibiki lenyewe. Seli zinazojenga dentini hubaki hai, zikizunguka kiini na kuongeza kinga kidogo kidogo kwa ndani. Utepe uliozaa vichipukizi nao husambaratika kwa binadamu baada ya kumaliza kazi yake. Kwa jamii ya mamba hali ni nyingine: utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2013 ulionesha kuwa utepe huo hudumu ukiwa na seli shina, tayari kuanzisha jino jipya la zamani linapong'oka.

Seli shina zina ahadi gani?

Seli shina ni seli ambayo haijafungwa katika kazi moja; huweza kujizidisha na kuzaa seli za aina mbalimbali. Mwaka 2000 Stan Gronthos, Songtao Shi na wenzao nchini Marekani walieleza seli za namna hiyo katika kiini cha magego ya mwisho ya watu wazima. Mwaka 2003 zilielezwa pia katika meno ya utotoni yanayong'oka yenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa China walitoa taarifa ya watoto waliopandikiziwa seli za meno yao ya utotoni ndani ya meno ya mbele yaliyoumia, na kiini kikarejea. Mwaka 2024 huko Kyoto, Japani, lilianza jaribio la kwanza kwa watu wazima la kupima usalama wa dawa inayozuia protini iitwayo USAG-1, ambayo hudhibiti ukuaji wa vichipukizi.

Hatua hizi ni kubwa, lakini ziko bado katika utafiti. Mgonjwa asiuziwe tumaini la jino jipya kana kwamba linapatikana dukani.

Meno ya nailoni

Wakati walimwengu wanatafuta namna ya kuotesha kichipukizi kimoja, baadhi ya watoto wetu wanang'olewa vichipukizi vilivyo hai. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa meno nchini Tanzania wameeleza madhara ya kung'oa kile kiitwacho meno ya nailoni au meno ya plastiki. Mtoto mchanga hupata homa na kuharisha. Mzazi humfunua kinywa na kuona uvimbe mweupe kwenye ufizi. Uvimbe huo ni chonge ya utotoni ambayo haijachomoza. Ni laini kwa kuwa haijakomaa, wala si kwa kuwa ina ugonjwa.

Anayekichokoa kwa kisu au spoku ya baiskeli humfungulia mtoto njia ya kutokwa damu, usaha, pepopunda na hata kifo. Madhara hayaishii hapo. Kichipukizi cha chonge ya ukubwani hulala jirani, na katika miezi hiyo hiyo ya mwanzo huanza kujenga gamba lake. Kikiguswa, jino la ukubwani huweza kutoka likiwa na kasoro, kupinda, au kutotoka kabisa. Nako kuharisha kunaendelea, kwa sababu chanzo chake hakikuwa kinywani.

Tufanye nini?

Mhudumu asimkemee mama. Amwoneshe uvimbe huo na kumwambia: "Mama, hili ni jino la mwanao, linakuja." Kisha atibu kinachomuumiza mtoto. Kwa anayeharisha: aendelee kunyonya, apewe ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi sita na miligramu 20 akizidi umri huo. Mwenye homa apimwe malaria na atafutiwe vyanzo vingine. Macho yaliyodidimia, kushindwa kunyonya au degedege ni sababu ya kumpeleka hospitali bila kuchelewa. Bibi wa mtoto na mkunga wa jadi washirikishwe, maana mara nyingi shauri hutoka kwao.

Jino la ukubwani likidondoka kwa ajali, lishikwe sehemu ya juu, si mzizi. Lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, lirudishwe tunduni au litiwe katika maziwa, na mgonjwa amwone daktari wa meno ndani ya saa moja. Kwenye mzizi kuna seli hai zinazoweza kulishikiza tena. Jino la utotoni lisirudishwe, lisije likaumiza kichipukizi kilicho chini yake.