Ubakaji: Kunyamaza si Kuridhia

Yafaa mwanafunzi afahamu kwamba hofu kuu haimfanyi kila mtu apige kelele au akimbie. Ubongo ukiona hatari isiyoepukika, huweza kuizuia misuli isitende kazi; viungo hufa ganzi na sauti isitoke. Hivyo aliyebakwa huenda asiwe na jeraha lolote, na baadaye akajilaumu bure. Sheria ya Tanzania yalitambua jambo hili: tangu mabadiliko ya mwaka 1998, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu hakidai majeraha ili kuthibitisha kwamba ridhaa haikuwapo. Aliyebakwa awahishwe hospitali. Dawa za kuzuia maambukizo ya VVU huanzwa kabla ya saa 72 kupita. Mwalimu aletewaye habari hizo asiulize, "Mbona hukupiga kelele?"