Githeri ya Jumatatu Huamuliwa na Nani?

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mwanafunzi wa shule ya bweni nchini Kenya apangapo foleni jikoni, sahani mkononi, hudhani kwamba githeri anayopakuliwa ni uamuzi wa mpishi. Makala haya yanabainisha kwamba mpishi ndiye wa mwisho katika msururu wa waamuzi, na kwamba anayeufahamu msururu huo ana njia bora ya kudai haki yake kuliko mgomo.

Kwanza ni fedha. Wazazi hulipia chakula cha bweni kupitia karo, nayo Bodi ya Usimamizi huidhinisha bajeti. Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 600. Kila mmoja akipimiwa gramu 150 za mahindi, mlo mmoja humaliza kilo 90, yaani gunia zima. Kuongeza nyama au matunda, basi, ni hesabu ya sahani 600, si ya sahani moja.

Pili ni ununuzi. Shule za umma hufungwa na sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, inayotaka wauzaji washindane kwa uwazi. Nafaka kavu hupendelewa maadamu huhifadhika. Hata hivyo, bei nafuu isiwe kigezo pekee. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini, yaliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya. Ndiyo maana mahindi hutakiwa kukaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuwekwa ghalani.

Tatu ni lishe. Githeri hudharauliwa, ilhali ina hekima yake. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo maharagwe yanayo kwa wingi; nayo mahindi hufidia methionini iliyo haba katika maharagwe. Kinachokosekana aghalabu ni mboga na matunda, vyenye vitamini A na C. Kwa hivyo, anayelalamika kwamba githeri imezidi ana hoja dhaifu. Anayeuliza mboga ziko wapi ana hoja nzito.

Nne ni sauti ya mwanafunzi mwenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika Bodi ya Usimamizi. Nafasi hiyo huwa pambo tu ikiwa mwakilishi hajui bei ya gunia, au ikiwa wakubwa wanamficha hesabu. Siri za ghala huzaa uvumi, na uvumi umewahi kuzaa migomo.

Maswali ya marudio
1. Taja waamuzi wanne wa mlo wa shule.
2. Kadiria mahindi yanayohitajika kwa mlo mmoja wa githeri shuleni mwako.
3. Andika hoja moja ambayo mwakilishi wa wanafunzi anaweza kuiwasilisha mbele ya Bodi, ukiitetea kwa takwimu.