Kiongozi na Karatasi Yake

Nilipokuwa kiranja wa bwalo, siku moja mifereji ilikauka na chajio kikachelewa. Nilisimama nikasoma tangazo langu neno kwa neno, macho kwenye karatasi. Mmoja akapaza sauti, "Tuna njaa!" Nikamjibu, "Nyamaza!" Jamani, meza zilipigwa kama ngoma.

Je, nilikosea wapi? Jibu nimelipata katika maigizo ya papo kwa papo, yasiyoandikwa. Viola Spolin, Mmarekani aliyefundisha watoto maigizo mjini Chicago, alibuni michezo ya kumzoesha mwigizaji kutazama na kusikiliza kinachotokea sasa hivi. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha The Second City mjini humo mwaka wa 1959. Waigizaji wa aina hii wana kanuni: mwenzako akisema jambo, lipokee, kisha uongeze lako. Siku hizi hata wafanyakazi wa maofisini hufunzwa kanuni hiyo.

Kupokea si kukubali kila kitu. Ni kuonyesha kwamba umesikia. Kumbe ningalisema, "Kweli, njaa inauma, hata mimi. Nani watanisaidia kuchota maji?"

Zoezi: kaeni wawili wawili mpange safari ya chama. Kila jibu lianze, "Ndiyo, tena..."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami naongeza: mkuu asiyesikia la wenzake huvunjika yote mawili.