Anacheza au anachezeshwa? Kitenzi kimoja na dansi za Twin Peaks

Ukijaribu kusimulia Twin Peaks kwa Kiswahili, kitenzi kitakusumbua kabla ya fumbo lenyewe. Mfululizo huu wa televisheni, uliotungwa na David Lynch na Mark Frost, ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Aprili 1990. Unafunguka kwa maiti ya msichana wa shule, Laura Palmer, aliyekutwa ukingoni mwa maji akiwa amefungwa katika plastiki. Mpelelezi wa FBI, Dale Cooper, anafika kumtafuta muuaji katika mji mdogo wa misitu karibu na mpaka wa Kanada. Halafu watu wanaanza kucheza.

Wengi wetu tumeutazama mfululizo huu kwa sauti za Kifaransa, na Kifaransa hakina shida hapo: "danser" ina mlango wake na "jouer" ina wake. Kiswahili kina "kucheza" kwa yote mawili, na hata kwa kuigiza. Nilipoandaa maelezo yangu kwa somo la fasihi linganishi, niliona kwamba kitu ambacho wengine wangekiita upungufu wa msamiati ni msaada mkubwa. "Cheza" ni kitenzi kinachonyambulika vizuri, na kila kauli yake inadai jibu: nani anacheza, na nani, kwa ajili ya nani, kwa nguvu ya nani? Ninadai kwamba kitendawili cha muuaji wa Laura kimefichwa humo, katika kauli za kitenzi hiki.

Tuchukue sehemu iliyorushwa tarehe 19 Aprili 1990, ambayo Lynch aliiongoza mwenyewe. Ina dansi tatu. Audrey Horne, binti wa tajiri mwenye hoteli, anainuka katika mkahawa na kuanza kuyumba polepole, muziki wa Angelo Badalamenti ukimzunguka. Mwenzake wa shule, Donna, anamtazama bila kujua la kufanya. Audrey hamchezei mtu. Tunasema "anajichezea", na msikilizaji anaelewa mara moja kwamba yumo katika dunia yake, hataki jibu wala makofi.

Mwishoni mwa sehemu hiyohiyo, katika ndoto ya Cooper, mtu mfupi mwenye suti nyekundu anacheza kati ya mapazia mekundu huku mwanga ukimwekamweka. Wanafunzi wengi hukimbilia dansi hii kwa sababu ni ya ajabu kuliko zote. Mimi naiona ndiyo nyepesi. Kwa wanaisimu kinachovutia zaidi ni usemi wake: waigizaji walijifunza kutamka maneno kinyumenyume, kisha sauti ikageuzwa, ndiyo maana inasikika kama lugha iliyotoka kaburini. Tukumbuke pia kwamba mandhari hayo yalipigwa picha mapema zaidi, kwa ajili ya mwisho wa pekee wa sehemu ya kwanza uliokusudiwa watazamaji wa Ulaya. Yalizaliwa kama mwisho, yakageuzwa kuwa dalili. Mtu huyu "anacheza" tu, bila kiambishi chochote.

Dansi ya tatu ndiyo nzito. Leland Palmer, baba wa marehemu, anaweka sahani ya Glenn Miller, anaichukua picha ya Laura iliyo katika fremu na kuzunguka nayo sebuleni akilia. Mkewe Sarah anaingia na kumpigia kelele. Kioo kinavunjika, damu ya mkono wake inaipaka sura ya mtoto. Mtazamaji wa Marekani alitegemewa kushtuka kwamba mfiwa anacheza. Sisi hatushtuki kwa hilo; kwetu watu hucheza kwenye matanga na hakuna anayeuliza kwa nini. Tunachokiona sisi ni kwamba mfiwa huyu hana wa kucheza naye. Msiba bila wenzi, ngoma bila duara. Katika sehemu inayofuata, baada ya mazishi, Leland yuko kati ya wageni wa hoteli, anawaomba wanaocheza dansi mmoja wao acheze naye. "Cheza na": kihusishi kipo, mtu hayupo.

Siku chache baadaye hoteli ina karamu ya wageni kutoka Iceland. Muziki uleule unapigwa, Leland anaanza tena, safari hii akishika kichwa kwa mikono miwili kama mwenye maumivu. Ben Horne, mwajiri wake, anaogopa biashara kuharibika, basi anamtuma Catherine Martell akacheze naye. Catherine anaiga mikono ya Leland, anaifanya ionekane kuwa mtindo mpya wa dansi. Wageni wanafurahi na kuiga pia. Ukumbi mzima unarudia ishara ya mtu anayevunjika, nao wanadhani ni burudani. Audrey, yule anayejua kujichezea, anatazama kwa mbali na kulia. (Anayeigiza Ben ni Richard Beymer, aliyekuwa Tony katika filamu ya West Side Story ya 1961. Mcheza dansi wa zamani ndiye anayebaki kando na kuamuru wengine wacheze!)

Tukio hili ningependa lifundishwe katika somo la semiotiki. Mwendo wa mikono haukubadilika hata kidogo. Waliobadilisha maana yake ni waliouzunguka. Na walikuwa na faida katika kutoelewa.

Sasa twende tarehe 10 Novemba 1990, usiku ambao watazamaji waliambiwa ukweli. Sahani imefika mwisho, sindano inakwaruza. Leland anajitazama katika kioo na kioo kinamrudishia sura ya BOB, yule mwenye nywele ndefu ambaye Sarah alikuwa amemwona katika maono. Maddy, mpwa wake anayefanana na Laura (Sheryl Lee anawaigiza wote wawili), anashuka ngazi. Katikati ya kipigo Leland anamkumbatia na kuzunguka naye polepole, mara sura ni ya Leland, mara ya BOB. Ni dansi ileile ya sebuleni, sebule ileile. Picha tu imepata mwili.

Hapa kitenzi kinatushika shati. Tukisema Leland "anamchezesha" Maddy, tumemfanya mtenda. Tukisema "anachezeshwa" na BOB, tumemwondolea hatia. Na Maddy, kama Laura kabla yake, "amechezewa", neno ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili analijua kwa maana yake mbaya linapotajwa kuhusu msichana. Mfululizo wenyewe unasita. Leland anapokufa mikononi mwa Cooper anaungama kwa kauli ya kutendwa: aliingiwa tangu utotoni, hakujua. Baada ya hapo wanaume wanakutana msituni na kujadiliana. Mkuu wa polisi, Truman, anaona vigumu kuamini pepo. Cooper anamuuliza kama ni rahisi zaidi kuamini kwamba baba anaweza kumtendea hivyo binti yake. Mwenzao Albert anapendekeza kwamba labda BOB ni jina tu la uovu wa wanadamu.

Sisi tuna usemi uliokwisha kuwa tayari kwa ajili hiyo: "shetani alinipitia". Ni sentensi iliyotungwa kwa ustadi. Mtenda ni shetani, mimi nimebaki kiambishi -ni- katikati ya kitenzi, na yule aliyeumizwa hayumo kabisa. Nadhani hapo ndipo maelezo ya kawaida ya Twin Peaks, yanayomtazama BOB kama pepo na basi, yanapokosea. Filamu ya 1992, Fire Walk with Me, inarudi nyuma na kumpa Laura nafasi ya kiima. Anamtafuta anayekuja usiku chumbani mwake, na chini ya sura ya BOB anakuta uso wa baba yake. Yeye hakubaki na kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Amemwona.

Mwaka 2017 mfululizo ulirudi kwa sehemu 18. Katika ile ya 16, mshereheshaji wa baa anatangaza dansi ya Audrey kwa jina, watu wanampisha, na Audrey, sasa mtu mzima, anacheza tena muziki wa miaka 27 iliyopita. Safari hii ukumbi mzima unamtazama na kuyumba pamoja naye. Ugomvi unazuka, Audrey anakimbia kuomba atolewe, na ghafla yuko mbele ya kioo katika nafasi nyeupe, akishtuka. Kujichezea kumekwisha, alichezeshwa. Na kauli ya kutendwa hapa haina "na": hatuambiwi ni nani.