Gari likimisi, usikimbilie duka la spea

Injini ikitetemeka gari limesimama na taa ya injini imewaka, lipimwe kwanza kwa mashine. Msimbo P0302 maana yake silinda ya pili haichomi vizuri. Kwenye injini kama 1NZ-FE ya Toyota kila plagi ina koili yake, na zote nne zinafanana: zima gari, badilishana koili ya pili na ya tatu, futa msimbo, washa. Ikija P0303, koili imekufa. Ikirudi P0302, chomoa plagi uitazame. Shimo lake lina oili? Badili gasketi ya kava ya juu, la sivyo hata koili mpya italoa. Plagi nzima na kavu? Geukia nozeli na kompresheni. Taa ikiwa inawaka na kuzima, usiendelee na safari: petroli isiyoungua huunguza masega ya ekzosi, na bei yake si ya kuchezea.